Mbegu ya msimu wa pili

Nikigusia tu habari ya kulima mboga angani, swali la kwanza huwa lile lile: mionzi haitaiua hiyo mimea? Swali ni la haki. Tumezoea kusikia mionzi ikitajwa pamoja na Hiroshima na Chernobyl, na tunajua kwamba mwanaanga akishavuka kinga ya Dunia anaingia mahali ambapo mionzi haikatiki, usiku wala mchana. Mtu akilifikiria jani laini la letusi katika mazingira hayo, anaona mwisho wake umefika. Lakini kadiri nilivyosoma matokeo ya majaribio, ndivyo nilivyozidi kuamini kwamba swali hilo limekosa shabaha. Mmea wenyewe una nafasi nzuri ya kuota, kukua na kuliwa. Kinachonikosesha amani ni mbegu: ile iliyokaa kwenye pakiti miaka kadhaa ikisubiri zamu yake, na ile iliyozaliwa na mmea uliokulia huko huko.

Kabla sijafika huko kuna hofu moja niiondoe njiani. Chakula kilichopitiwa na mionzi ya anga hakigeuki kuwa chakula chenye mionzi. Ajali ya kinu cha nyuklia inamtisha mkulima kwa sababu inamwaga vumbi la elementi zinazoendelea kutoa mionzi, vumbi linaloingia udongoni, likafyonzwa na mizizi, likaishia sahanini. Mionzi ya anga haimwagi kitu. Inapita, inavunja inachokikuta njiani, basi. Wanaanga wa Apollo 17, mwaka 1972, walikula nyama iliyopigwa mionzi makusudi ili kuua vijidudu, na siku hizi NASA huipiga nyama ya namna hiyo dozi isiyopungua kilogrei 44, yaani grei 44,000; grei hupima nishati ambayo mionzi inaiacha ndani ya kitu. Dozi ambayo chakula kingeipata katika safari nzima ya Mirihi haifiki hata sehemu moja ya elfu kumi ya hiyo. Anayeogopa nyanya ya Mirihi kwa sababu hiyo na ale kwa amani.

Kinachokila chakula cha akiba ni muda. Vitamini C na vitamini B1 hupungua ndani ya pakiti mwaka hadi mwaka. Safari ya Mirihi, kwenda, kukaa na kurudi, inakadiriwa kuchukua karibu miaka 3, na chakula kingine kingelazimika kutangulizwa mapema zaidi; ndiyo maana wataalamu wa chakula wa NASA wanalenga chakula kinachodumu miaka 5. Hapo bustani inapata kazi yake. Haihitaji kumshibisha mtu. Inatakiwa impe kile ambacho pakiti imekipoteza, na jani bichi la kutafuna baada ya miezi mingi ya chakula cha kuongezwa maji.

Sasa mionzi yenyewe. Victor Hess aliigundua mwaka 1912 kwa kupanda puto hadi zaidi ya mita 5,000, akakuta vipimo vyake vinaongezeka badala ya kupungua kadiri alivyoiacha ardhi chini. Leo tunajua kwamba ni chembe zinazosafiri karibu na mwendo wa mwanga, na nyingi zinatoka nje kabisa ya mfumo wetu wa Jua. Karibu tisa katika kila kumi ni protoni, nyingi ya zilizobaki ni viini vya atomi za heli, na kama asilimia 1 tu ni viini vizito zaidi: kaboni, oksijeni, hadi chuma. Jua nalo hurusha protoni zake kwa vishindo, pale linapolipuka. Sisi tunakingwa na usumaku wa Dunia na unene wa hewa iliyo juu yetu. Mirihi haina usumaku wa aina hiyo, na kanieneo ya hewa yake haifiki asilimia 1 ya ile ya hapa.

Chombo kilichobeba gari la utafiti la Curiosity kilipokuwa njiani kwenda Mirihi, kati ya Novemba 2011 na Agosti 2012, kipimo chake cha mionzi kilisoma takriban milisieverti 1.8 kwa siku (sieverti hupima madhara ya mionzi kwa mwili wa binadamu, na milisieverti ni sehemu yake moja ya elfu). Kilipotua Mirihi kikasoma kama 0.64 kwa siku. Mwezini, chombo cha China cha Chang'e 4 kilipima karibu 1.4. Linganisha na hapa duniani, ambapo mtu hupata wastani wa milisieverti 2.4 kutoka mionzi ya asili kwa mwaka mzima. Safari nzima ya Mirihi inaweza kumfikisha mwanaanga karibu na sieverti 1, ilhali kikomo alichowekewa na NASA kwa maisha yake yote ya kazi ni milisieverti 600. Kwa binadamu hilo ni tatizo zito, na mtu asinisome kana kwamba nalichukulia kijuujuu.

Kwa mmea hesabu ni nyingine. Tukihesabu nishati inayoachwa ndani ya kitu, bila kuongeza uzito wa madhara kwa mwili wa binadamu, safari hiyo hiyo inafika kama theluthi ya grei moja. Tangu mwaka 1928, Lewis Stadler alipochapisha majaribio yake ya shayiri iliyopigwa eksirei, wazalishaji wa mbegu wamekuwa wakizipiga mbegu mionzi kwa makusudi ili wapate aina mpya, na dozi wanazozitumia kwa nafaka huwa grei mia moja, mia mbili, hata mia tatu. Mbegu nyingi zinaota baada ya kipigo hicho. Mtu asiyepata matibabu anaweza kuuawa na grei 4 au 5 zikimpiga kwa mpigo mmoja.

Tofauti hii inatoka wapi? Kwanza, mbegu kavu haina maji ya kutosha. Sehemu kubwa ya madhara ya mionzi hupitia kwenye maji: chembe inapasua molekuli ya maji, vinabaki vipande vyenye uchu wa kushikana na chochote kilicho karibu, navyo ndivyo vinavyokwenda kuikata DNA. Palipo pakavu, vipande hivyo ni vichache na haviendi mbali. Pili, mmea hauna moyo wala ubongo ambao ukifa kila kitu kimekufa. Tawi likiharibika linachipua lingine. Seli zake zimefungwa ndani ya kuta, kwa hiyo seli iliyoasi haiwezi kuhama na kusambaa kama saratani ndani ya mwili wetu. Na mimea mingine ina nakala za ziada za vinasaba: ngano ya mkate ina seti sita za kromosomu, hivi kwamba jeni moja likivunjika mara nyingi lipo lingine la kushika kazi.

Mimea haiko sawa, hata hivyo. Kwenye maabara ya Brookhaven, Marekani, Arnold Sparrow na wenzake walipanda mimea kuzunguka chanzo cha mionzi ya gama na kuona ipi inakufa mapema na ipi inadumu. Walikuta kwamba mimea yenye kiini cha seli kikubwa na kromosomu kubwa huumia kwa dozi ndogo, na yenye kromosomu ndogo huvumilia. Chernobyl mwaka 1986 iliwathibitisha kwa namna ya kusikitisha: misonobari iliyo karibu na kinu ilikauka ikawa ya rangi ya kutu, eneo likaitwa Msitu Mwekundu, huku mibetula iliyochanganyika nayo mingi ikapona. Anayechagua mazao ya kwenda nayo Mirihi ana somo hapo, na hulioni likitajwa mara nyingi kwenye orodha za mboga zinazopendekezwa. Kwa kawaida wanaangalia kimo, ladha na siku za kukomaa. Mimi ningeongeza safu moja kwenye jedwali hilo: ukubwa wa kiini cha seli.

Majaribio mengi ya maabara hutumia mionzi ya gama kwa sababu inapatikana kirahisi. Tatizo ni kwamba gama inaanguka kama manyunyu, inalowesha kila seli kidogo kidogo, wakati kiini kizito cha chuma kinachotoka angani ni jiwe moja lililovurumishwa: seli zote zimepona isipokuwa zile zilizokuwa kwenye njia yake. Ukitaka kuona jiwe hilo limepita wapi, unahitaji jaribio la namna nyingine, na lipo. Linaitwa Biostack. Lilibuniwa na wanasayansi wa Ujerumani chini ya Horst Bücker, likapanda na Apollo 16 na Apollo 17 mwaka 1972, kisha na safari ya Apollo na Soyuz mwaka 1975.

Walichukua mbegu, vijimelea na mayai ya kamba wadogo wa maji ya chumvi, wakavipanga tabaka moja moja, na katikati ya kila tabaka wakaweka bamba linaloshika alama ya chembe nzito inapopita. Vikirudi, bamba linaoshwa kwa kemikali, kovu la njia ya chembe linapanuka hadi kuonekana kwa darubini, na mtafiti anafuata mstari ule kutoka bamba hadi bamba mpaka anafika kwenye mbegu fulani na kusema: hii ilipigwa, ile ya pembeni yake haikupigwa. Mbegu mbili zilizolala bega kwa bega, joto moja, hewa moja, tofauti yao ikiwa kiini kimoja cha atomi. Ninapenda sana usafi wa jaribio hili. Miongoni mwa mbegu zilizopanda mwaka 1975 zilikuwamo za mahindi, na baadhi ya zile ambazo kiinitete chake kilipitiwa na chembe nzito zilipooteshwa duniani zilitoa majani yenye michirizi mipana ya manjano. Seli moja ya kiinitete ilipoteza uwezo wa kutengeneza kijani, ikagawanyika, watoto wake wakagawanyika, na kila jani lilivyorefuka na ule mchirizi ukarefuka nalo.

Tazama kilichotokea hapo. Mmea ule wa mahindi haukufa. Ulikua, ukasimama, ukawa na majani, sehemu kubwa yakiwa ya kijani yanayofanya kazi. Mwanaanga mwenye njaa angeridhika nao. Lakini je, ungetaka kuchukua mbegu kutoka mmea huo?

Hapa ndipo nilipotaka kufika, na wazalishaji wa mbegu wanalifahamu hili kuliko mtu mwingine yeyote. Wakishapiga mbegu mionzi na kuipanda, kizazi cha kwanza mara nyingi hakiwaonyeshi mengi. Kila jeni lina nakala mbili, moja ikivunjika ya pili inaficha kasoro, na shamba linaonekana lina afya. Ni pale wanapovuna mbegu za kizazi hicho kilichojichavusha chenyewe, wakazipanda, ndipo kasoro zinapokutana. Kitaluni, katikati ya miche ya kijani, inatokea miche myeupe pe, imeota vizuri kabisa, imenyooka, na haina chembe ya kijani. Inaishi kwa akiba ya chakula iliyokuja na mbegu. Akiba ikiisha, baada ya siku chache, inalala chini. Wazalishaji huihesabu miche hiyo kama kipimo cha ukali wa dozi, kisha wanaing'oa.

Wao wana mashamba ya kutupa maelfu ya miche ili wabaki na mmoja. Bustani ya chombo cha anga ina trei chache. Mkulima wa Mirihi atakayeamua kutunza mbegu atazichukua kwenye mimea michache tu, mingi ikiwa ya kujichavusha, na msimu unaofuata atachukua kutoka kwa watoto wake. Sisemi trei zake zitajaa miche myeupe. Theluthi ya grei ni dozi ndogo. Ninachosema ni kwamba viini vizito huacha mabadiliko makubwa zaidi kwenye DNA kuliko gama, vipande vizima vya kromosomu hukatika na kupotea, na kundi dogo la mimea halina mahali pa kuyafichia mabadiliko hayo kizazi baada ya kizazi. Kwa safari ya miaka 3 unaweza kubeba mbegu za kutosha na kuvumilia. Kwa makazi ya kudumu, ambako watu wanazungumzia miongo, suala hili lilitakiwa liwe limeshafanyiwa kazi.

Mbegu iliyolala ina shida nyingine. Mmea unaokua hurekebisha majeraha ya DNA yake kila siku. Mbegu kavu hairekebishi chochote. Mitambo yake yote imesimama. Kila jeraha linalopatikana ndani ya pakiti linabaki hapo, linakuja jingine, linakaa juu yake, mpaka siku mbegu inapopewa maji. Siku hiyo kiinitete kinaamka na kukuta madeni ya miaka, na kabla hakijagawanya seli ya kwanza kinapaswa kulipa. Ndiyo maana dalili ya kwanza ya mbegu iliyoumia mara nyingi ni kuchelewa. Inaota, ila inachelewa.

Ushahidi wa uvumilivu wa mbegu ni mzuri, na sitaki kuuficha. Mwezi Aprili 1984 chombo kiitwacho LDEF kiliachwa kwenye njia ya kuzunguka Dunia kikiwa na mbegu za nyanya zaidi ya milioni 12. Kilipangwa kukaa chini ya mwaka mmoja, kikakaa karibu 6, na kilipochukuliwa Januari 1990 mbegu zile zikagawiwa wanafunzi mashuleni. Ziliota, zikazaa nyanya. Jaribio kali zaidi lilifanyika nje ya Kituo cha Kimataifa cha Anga kati ya 2008 na 2009: mbegu za tumbaku na za Arabidopsis, mmea mdogo wa jamii ya haradali, ziliachwa wazi kwenye ombwe, baridi, mionzi na jua lisilochujwa kwa mwaka mmoja na nusu. Asilimia 23 zilitoa mimea hai. Nikiliwaza hilo sichoki kustaajabu.

Halafu kuna zile kilo 2 za mbegu za arugula, mboga ya majani, zilizokaa kituoni miezi 6 katika mradi uliofungamana na safari ya Mwingereza Tim Peake, zikarudi na kupandwa na watoto kwa maelfu ya maelfu pamoja na mbegu zilizobaki nyumbani. Vipimo vya maabara vilivyochapishwa mwaka 2020 vilionyesha kwamba zilibaki hai, ila nguvu yao ya kuota ilishuka kiasi, na zilizeeka upesi zaidi zilipowekwa kwenye mazingira magumu. Miezi 6 tu, tena mahali penye kinga. Taarifa nyingi zilibeba kichwa cha habari kwamba mbegu ziko salama. Kilichonigusa mimi ni kule kuzeeka.

Nimesema penye kinga, na hili halisemwi vya kutosha. Kituo cha Kimataifa cha Anga kinazunguka kwenye kimo cha takriban kilomita 400, ndani kabisa ya ngao ya usumaku wa Dunia. Letusi nyekundu iliyoliwa na wanaanga Agosti 2015, ua la zinia lililochanua Januari 2016, pilipili zilizovunwa mwaka 2021, vyote vilikulia chini ya mwavuli huo. Hata mbegu za kwanza kuzaliwa angani, za Arabidopsis kwenye kituo cha Salyut 7 cha Umoja wa Kisovieti mwaka 1982. Nje ya mwavuli tuna mbegu za miti zilizozungushwa Mwezi na Stuart Roosa wa Apollo 14 mwaka 1971, safari ya siku 9 tu. Tuna mbegu za Arabidopsis za Chuo Kikuu cha Michigan State zilizopanda na Artemis I, safari ya NASA ya kuuzunguka Mwezi bila watu, mwaka 2022, siku 25. Na tuna chipukizi la pamba lililotokeza ndani ya kopo dogo la Chang'e 4 upande wa mbali wa Mwezi, Januari 2019. Lilikufa kwa baridi usiku wa Mwezi ulipoingia, kabla mionzi haijapata nafasi ya kusema lolote. Hayo hayatoshi kumjibu mtu anayepanga miaka 3.

Nina sababu ya kusisitiza subira, na inatoka kwenye Mir, kituo cha anga cha Warusi. Mwaka 1996 ngano fupi ilipandwa humo kwenye kibanda cha mimea kiitwacho Svet, kilichotengenezwa na Wabulgaria, na Shannon Lucid akiwa mmoja wa waliotunza. Ilikua vizuri. Ilitoa majani mengi, ikatoa masuke karibu 300. Masuke yalipofunguliwa duniani hayakuwa na punje. Hata moja. Ni rahisi sana kuinyooshea mionzi kidole hapo: chavua ni sehemu nyororo, uundaji wake una hatua ambapo kromosomu zinatengana, na mtu yeyote angesema viini vya anga ndivyo vilivyoharibu. Uchunguzi ulikuta mkosaji ni hewa. Gesi ya ethilini, ile ile ambayo matunda hutoa yanapoiva, ilikuwa imejikusanya ndani ya kituo kilichofungwa, na ngano ya duniani iliyopewa gesi hiyo kwa kiwango kile kile ilitoa masuke matupu vile vile. Baadaye aina nyingine ya ngano ilizaa punje humo humo Mir.

Kisa hicho kimenifunza kutomwamini mtu anayesema "mionzi ilifanya hivi" bila kuonyesha jinsi alivyoondoa ukosefu wa uzito, hewa, unyevu na joto. Watafiti wa Wageningen, Uholanzi, walijaribu kuitenga mionzi peke yake: wakapanda nafaka iitwayo rai na mboga ya majani iitwayo kresi karibu na vyanzo vya kobalti-60, na mwaka 2021 wakaripoti kwamba kuota hakukubadilika lakini baada ya wiki nne mimea iliyopigwa mionzi ilikuwa na uzito mdogo kuliko ile isiyopigwa. Kazi nzuri. Ila kobalti hutoa gama, hivyo tuko bado kwenye manyunyu.

Tuje kwa mkulima. Picha za makazi ya Mirihi hupenda kuonyesha kuba la kioo lenye kijani ndani na mtu amesimama katikati amejishika kiuno. Mmea ungelivumilia kuba hilo, mradi kioo kizuie miale ya urujuanimno, kwa sababu Mirihi haina tabaka la ozoni la kuichuja, na mradi mtu aridhike na mwanga wa Jua usiofika nusu ya ule unaofika duniani. Aliyesimama katikati ndiye asiyestahili kukaa humo siku nzima. Kwa hiyo bustani inazikwa chini ya udongo pamoja na watu, ikamulikwa kwa taa, na umeme wote huo unatumika kumkinga mkulima zaidi kuliko kuikinga mboga. Tena udongo ukiwa mwembamba unaweza hata kuongeza tatizo, maana chembe za anga zikigonga kitu hutoa nyutroni na vipande vingine.

Wajerumani wa DLR, shirika lao la anga, waliendesha banda la mimea huko Antaktika, karibu na kituo cha Neumayer III, na mwaka 2018 wakavuna kilo 268 za mboga kwenye eneo la mita za mraba 12.5. Mavuno ni ya kutia moyo. Mimi nilivutiwa zaidi na habari za saa za kazi: kupanda, kupogoa, kuvuna, kusafisha mabomba, kila siku. Mirihi kila saa ya namna hiyo nje ya kinga ingekuwa ni dozi kwa mtu. Ningetenganisha mambo. Mboga ziwekwe penye kinga ndogo, zihudumiwe na mashine kadiri inavyowezekana, na mtu aende kuvuna. Kinga nzito, ile ya maji na plastiki zenye hidrojeni nyingi, iwekwe kwa watu na kwa akiba ya mbegu. Pakiti za mbegu ni ndogo; zinaweza kulala kwenye baridi katikati ya tangi la maji karibu na vitanda vya wanaanga, mahali wanapojificha dhoruba ya Jua ikija. Dhoruba kubwa ya Agosti 1972 iliangukia kati ya Apollo 16 ya Aprili na Apollo 17 ya Desemba. Ilikuwa bahati, na mpango wa chakula haujengwi juu ya bahati.

Udongo nao una lake, nitapita haraka. Mwaka 2022 watafiti wa Chuo Kikuu cha Florida waliripoti kwamba waliotesha Arabidopsis kwenye vumbi halisi la Mwezi lililoletwa na Apollo 11, 12 na 17. Zote ziliota, zote zilionyesha dhiki, na zilizopata shida kuliko zote ni zile za vumbi la Apollo 11, lililokaa juu likipigwa na upepo wa Jua na vumbi la anga kwa muda mrefu zaidi. Anayetafuta udongo wa kulimia huko achimbe chini.

Mwezi Novemba 2022 FAO, shirika la chakula na kilimo la Umoja wa Mataifa, pamoja na Shirika la Kimataifa la Nguvu za Atomiki walipeleka mbegu za mtama na za Arabidopsis kwenye Kituo cha Kimataifa cha Anga, nyingine ndani na nyingine nje, zikarudi mwaka 2023 kwa ajili ya kupandwa na kuchunguzwa kwenye maabara yao ya Seibersdorf, Austria. Nia yao kubwa ni kutafuta aina zitakazovumilia ukame na chumvi hapa duniani, lakini njia yao, ya kupanda na kufuatilia uzao, ndiyo hasa inayohitajika kwa safari ndefu. Machi 2024 NASA nayo ililichagua jaribio la LEAF kwa ajili ya Artemis III, safari iliyopangwa wakati huo kuwashusha watu Mwezini: mimea mitatu midogo ndani ya chumba kilichofungwa juu ya uso wa Mwezi, ikiangaliwa inavyokua chini ya mionzi na uzito pungufu. Itakuwa mara ya kwanza kwa mambo hayo kupimwa kwa makini nje ya mwavuli wa Dunia.

Ombi langu kwa wanaopanga majaribio haya ni dogo. Zikirudi mbegu zilizotoka nje ya usumaku wa Dunia, zipandwe, zichavushwe zenyewe, mbegu zake zipandwe tena, na tena, sambamba na dada zake waliobaki nyumbani. Ihesabiwe miche myeupe. Iandikwe siku ambayo kila mche ulitokeza, kwa sababu asilimia ya kuota peke yake haimwonyeshi mtu mbegu inayochelewa. Na matokeo hayo yatolewe hata kama miche yote itakuwa ya kijani.